Bwana wangu amehukumiwa: je, Leta (serikali) imekwisha kumfukuza?

Swali: "Metre (wakili), jambo. Niko mama wa watoto watano, tunakaa Katuba. Bwana wangu ni mtumishi wa Leta, ana matrikile yake (nambari ya mtumishi), anatunza dosie katika divisheni moja hapa Lubumbashi, sasa ni mwaka wa 17. Alikuwa pia anashika feza ya likelemba (mchango wa zamu wa majirani) ya avenyu yetu. Feza ikapotea, dola 2 400, wenzake wakamshtaki. Mahakama ya amani ikamhukumu miezi 8 ya kifungo, lakini na sursi (kifungo kimeahirishwa), pamoja na kurudisha ile feza. Avoka (wakili wetu) alikata rufaa siku ya 7. Shefu wake aliposikia, akamwambia mbele ya watu: weye si mtumishi tena, Leta haitumikishe wezi. Hakuna karatasi tuliyopewa. Mwezi uliofuata mshahara haukuingia benki, sasa ni miezi 3. Kweli amefukuzwa? Aendelee kwenda kazini ao akae nyumbani?"

Jibu:

Mama, nianze na lile linalokunyima usingizi. Hapana. Kwa hayo uliyoniandikia, bwana wako hajafukuzwa. Maneno ya shefu, hata akiyasema mbele ya divisheni nzima, hayamtoi mtu katika kazi ya Leta. Kinachomtoa ni karatasi, na si karatasi yoyote: ni arete au ordonansi (uamuzi rasmi wa maandishi) yenye sahihi ya yule aliye na mamlaka ya kumteua, iliyotoka baada ya mtumishi kuelezwa kosa lake kwa maandishi na kupewa nafasi ya kujibu. Shefu wa biro hana mkono huo. Shefu wa divisheni naye hana. Wao wanaweza kufungua dosie ya nidhamu na kuituma juu, lakini kuufunga mlango si kazi yao.

Ila usiishie hapo, kwa sababu hatari ipo kweli, na kubwa kuliko zote si ile unayoiogopa. Nitaifikia.

Kwanza tujue tunasimama juu ya sheria gani. Mtu mwenye matrikile katika divisheni ya Leta anaongozwa na sheria nambari 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, ambayo ilichukua nafasi ya ile ya zamani ya tarehe 17 Julai 1981. Polisi, askari na mahakimu wana sheria zao za pekee, kwa hiyo msomaji aliye na ndugu huko asichukue jibu hili kama lilivyo. Na anayefanya kazi Gécamines (shirika la madini) au SNCC (shirika la reli) yuko mahali pengine kabisa: huyo anaongozwa na Kodi ya Kazi (Code du travail, sheria ya kazi) ya tarehe 16 Oktoba 2002, na ugomvi wake unapita kwanza kwa Inspekta wa Kazi kabla ya kufika mahakama ya kazi. Nalisema kwa sababu hapa kwetu baba zetu wengi walikula bukari ya Gécamines, na tumezoea kuita yote kazi ya Leta. Mbele ya juji si kitu kimoja, na nimeona watu wakipoteza miezi kwa kugonga mlango usio wao.

Sasa tuje kwenye kiini. Bwana wako ana kesi mbili, ingawa yeye anaona moja. Kesi ya kwanza iko mahakamani, na swali lake ni hili: je, alivunja sheria ya nchi? Kesi ya pili haijafunguliwa bado, na ikifunguliwa itakuwa ya nidhamu, ndani ya kazi, na swali lake ni lingine: je, mtu huyu bado anafaa kukaa kwenye kiti cha Leta? Kesi hizi mbili zinatembea kila moja kwa miguu yake. Mtu anaweza kuhukumiwa na asifukuzwe kazi. Anaweza pia kuachiliwa na mahakama na bado akaadhibiwa kazini, kwa mfano kama mahakama ilisema ushahidi haukutosha kwa kifungo, lakini biro ikaona alivunja kanuni za kazi yake. Kitu kimoja tu biro haiwezi kukifanya: kama mahakama imesema kwa hukumu ya mwisho kwamba jambo lenyewe halikutokea, au kwamba si yeye aliyelitenda, biro haiwezi kugeuka na kusema lilitokea na ni yeye.

Kwa hiyo shefu aliposema "umehukumiwa, basi umekwisha", aliruka daraja mbili kwa hatua moja.

Daraja la kwanza ni kwamba hukumu yenyewe bado haijakomaa. Kifungu cha 17 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinasema kila anayeshtakiwa anahesabiwa kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho imthibitishie kosa. Neno zito pale ni "ya mwisho". Katika mambo ya jinai mtu ana siku 10 za kukata rufaa. Zinahesabiwa tangu hukumu kutamkwa kama alikuwapo, au tangu kupelekewa rasmi kama alihukumiwa bila kuwapo. Avoka wenu alikata siku ya 7, yuko ndani ya muda. Dosie sasa inapanda kwenye mahakama kuu, Tribunal de grande instance. Na huko pakithibitishwa, bado kuna siku 40 za kupanda Kinshasa kwenye Mahakama ya Kasasyo (Cour de cassation). Wakati wote huo, machoni pa Katiba, bwana wako ni mtu asiye na hatia. Sikwambii hivi ili ujifariji. Nakwambia kwa sababu barua yoyote ya biro itakayosema "kwa kuwa umehukumiwa", na rufaa ikiwa bado mezani, inasimama juu ya mguu uliovunjika, na avoka ataushika mguu huo.

Ukitaka mfano ambao nchi nzima iliuona, kumbuka Vital Kamerhe, mwanasiasa aliyekuwa mkuu wa kabineti ya Rais. Tarehe 20 Juni 2020 mahakama kuu ya Kinshasa/Gombe ilimpa miaka 20 ya kazi ya kulazimishwa. Kwenye rufaa, mwaka 2021, ikashuka hadi 13. Mwaka 2022 Mahakama ya Kasasyo ikaivunja hukumu hiyo, na mwezi wa 6 wa mwaka uleule mahakama ya rufaa ikamwachilia. Machi 2023 aliingia serikalini kama naibu waziri mkuu. Kila mtu ana maoni yake kuhusu kesi ile, na mimi siyaingii. Ninachotaka uone ni njia: hukumu ileile ilibadilika mara tatu kabla ya kutulia. Mtumishi wa matrikile wa Katuba ana haki ya njia hiyohiyo, hata kama hakuna kamera inayomfuata.

Daraja la pili ni hili: hata hukumu ikiwa ya mwisho, lazima tuisome inasema nini juu ya kazi. Chukua kopi ya hukumu, nenda ukurasa wa mwisho, pale panapoanzia "Par ces motifs" au "C'est pourquoi". Hapo ndipo juji anaamuru. Yote yaliyo juu yake ni maelezo. Je, kuna mstari unaomkataza bwana wako kushika kazi ya Leta? Nina hakika haupo, na nitakueleza sababu.

Kodi yetu ya makosa (Code pénal, sheria ya jinai), ile ya tarehe 30 Januari 1940 ambayo imerekebishwa mara nyingi, inatenganisha mambo mawili ambayo mtaani yote yanaitwa wizi. Kifungu cha 145 kinamhusu mtumishi anayekula feza au mali aliyoishika kwa sababu ya kazi yake. Adhabu yake ni mwaka 1 hadi 20 ya kazi ya kulazimishwa, na kifungu cha 145 bis kinamwagiza juji aongeze juu yake marufuku ya kuingia kazi yoyote ya Leta au ya mashirika ya Leta, ngazi yoyote. Mtu aliyeangukiwa na hilo kwa hukumu ya mwisho, hata biro ikimpenda namna gani, haiwezi kumbakisha; juji amekwisha kusema. Kifungu cha 95 ni kitu kingine. Hicho kinamhusu yeyote, awe mtumishi au muuza makala (mkaa), aliyepewa kitu ili akitunze au akirudishe, naye akakitumia kama chake. Adhabu yake ni miezi 3 hadi miaka 5, ndiyo maana kesi ilianzia mahakama ya amani. Feza ya likelemba si ya Leta, na wamama na wababa wa avenyu hawakumpa bwana wako kwa sababu ana matrikile. Walimpa kwa sababu ni jirani waliyemwamini. Kwa hiyo ni kifungu cha 95, na kifungu hicho hakibebi mkia wa kumkataza kazi. Hukumu yake, hata ikibaki kama ilivyo mpaka mwisho, inazungumza juu ya miezi 8 na dola 2 400. Juu ya kiti chake inanyamaza.

Kuhusu sursi, watu wengi hapa hawaielewi vizuri, wengine wanaidharau na wengine wanaitukuza mno. Sursi haifuti hukumu siku ile inapotamkwa. Inaahirisha kifungo kwa muda ambao juji anaupanga, na muda huo hauwezi kupita miaka 5. Akikaa muda wote bila kuhukumiwa tena, hukumu inahesabiwa kama haikuwahi kuwapo. Akianguka tena, kifungo cha kwanza kinaamka. Maana yake kwa kazi ni hivi: leo biro inaweza bado kuichukua hukumu hiyo, ikishakuwa ya mwisho, kama ushahidi katika dosie ya nidhamu, lakini haiwezi kusema bwana wako hayuko kazini kwa sababu amefungwa. Hajafungwa. Angekuwa gereza la Kasapa, mambo yangekuwa tofauti: mtu aliye gerezani hawezi kuwa bironi, na Leta ina njia ya kumsimamisha kwa muda mpaka kesi ieleweke. Hata huko kusimamishwa si kufukuzwa. Yeye yuko huru, anaamka Katuba kila asubuhi na anaweza kushika kazi yake.

Hapa sasa niseme lisilopendeza. Sheria inamdai mtumishi wa Leta alinde heshima ya kazi yake hata akiwa nje ya biro, na feza ya majirani kupotea mikononi mwake ni jambo ambalo biro inaweza kuliita kosa la nidhamu bila kuona haya. Hukumu ikithibitishwa, tegemea kwamba dosie itafunguliwa. Swali litakalobaki ni uzito wa adhabu. Sheria ina ngazi: onyo la maandishi linaloitwa "blâme", kukatwa theluthi ya mshahara, kusimamishwa kwa muda bila mshahara, na ngazi ya mwisho kabisa, "révocation", yaani kufukuzwa. Si kila hukumu inayoruka moja kwa moja mpaka ngazi ya mwisho. Mwenye kuamua anapaswa kupima: kosa linagusaje kazi yake? Mweka hazina wa ofisi aliyehukumiwa kwa kula feza ya watu, hata feza za nje, ana shida kubwa zaidi kuliko mtunza dosie, kwa sababu kesho asubuhi atarudi kushika feza nyingine. Bwana wako anashika makaratasi. Miaka 17 bila onyo, kama kweli hana onyo, ni neno lenye nguvu, na itafaa kulithibitisha kwa makaratasi: barua za sifa, alama za kila mwaka, arete za kupandishwa daraja. Anzeni kuzikusanya leo, kabla sanduku lenye dosie yake halijapata miguu.

Na ile feza, Mama. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta kama imerudishwa, sikuona. Zungumzeni na avoka wenu juu ya kuanza kuirudisha, hata kidogo kidogo, kila mtu wa likelemba akitia sahihi kwenye karatasi yenye tarehe. Kurudisha hakufuti kosa, na avoka lazima apange maneno ya karatasi hiyo ili isisomwe kama kukiri jambo ambalo kwenye rufaa analikataa. Lakini juji wa rufaa akiona majirani wamepata chao, anakuwa na sababu ya kulegeza. Na atakayepima nidhamu anaona mtu anayetengeneza alichoharibu. Zaidi ya hayo yote, wale ni watu mnaochota nao maji. Jambo moja jingine la kumuuliza avoka: je, parike (ofisi ya mwendesha mashtaka) nayo ilikata rufaa? Kama ni bwana wako peke yake aliyekata, mahakama ya juu haiwezi kumwongezea kifungo kwa rufaa yake mwenyewe. Kama na parike ilikata, inaweza.

Kabla ya adhabu yoyote kuna njia ambayo lazima ifuatwe. Mtumishi anapewa barua ya kuombwa maelezo, ile ambayo bironi wote wanaijua kwa jina lake la Kifaransa, "demande d'explication". Kosa linatajwa, tarehe inatajwa, naye anajibu kwa maandishi. Majibu yake yanaingia kwenye dosie na kupanda nayo. Haki ya kujitetea iko katika kifungu cha 19 cha Katiba, na kifungu cha 61 kinaiweka, pamoja na haki ya kukata rufaa, kati ya haki chache ambazo haziguswi hata nchi ikiwa katika hali ya hatari. Kosa moja pia haliadhibiwi mara mbili katika nidhamu: wakimpa blâme mwezi huu, hawawezi kumfukuza mwezi ujao kwa jambo lilelile.

Njia hii wengine huiona kama mapambo. Nchi yetu imekwisha kulipa bei ya kuiruka. Novemba 1998, mahakimu 315 walifukuzwa kwa dekreti moja, wakiitwa wala rushwa, wazembe, wasio na maadili. Hawakuitwa mmoja mmoja wajibu. Kati yao 68 walipeleka malalamiko yao mpaka kwenye Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na tarehe 31 Julai 2003 Kamati ikasema Kongo ilivunja haki zao, kwa sababu waliondolewa katika kazi ya umma bila kufuata njia ambayo sheria yenyewe iliiweka. Angalia vizuri: Kamati haikusema wote walikuwa watakatifu. Ilisema hata anayeshukiwa lazima asikilizwe. Niko upande huo kwa moyo wote, na si kwa sababu ni kazi yangu. Mtumishi anayeweza kuondolewa kwa neno la mdomo atamwogopa shefu kuliko anavyoiogopa sheria, na siku shefu atakapomwagiza kuficha dosie ya mwananchi, ataificha.

Tufike sasa kwenye hatari niliyokutajia. Ni nyumba yenu. Yaani kukaa nyumbani.

Nimeiona mara nyingi mno. Shefu anasema kwa mdomo "usirudi". Mtu anaona haya, anaumia, anakaa. Mwezi unapita, jina lake halina alama kwenye listi ya waliofika. Baadaye inaandikwa ripoti, na ripoti haisemi neno lolote kuhusu hukumu wala likelemba. Inasema: huyu aliacha kazi bila ruhusa. Na kuacha kazi bila ruhusa ni kosa ambalo sheria inaliadhibu vikali, na ni rahisi kulithibitisha kuliko lingine lolote, kwa sababu listi inasema yenyewe. Mtu ambaye hangefukuzwa kwa hukumu anafukuzwa kwa kutokuwapo. Anapokuja kwangu na kusema "lakini shefu ndiye aliyenikataza", namuuliza: iko wapi karatasi? Hakuna. Kwa hiyo mshahara kukatwa miezi 3 bila barua ni uonevu, ndiyo, kwa sababu kufuta jina kwenye listi si adhabu iliyoandikwa popote katika sheria. Lakini uonevu huo utapata kivuli cha haki kila siku ambayo bwana wako atalala nyumbani.

Kinachotakiwa ni barua, na iende wiki hii. Iandikwe kwa Kifaransa cha biro, isiwe na matusi, isizidi ukurasa mmoja, iende kwa shefu wa divisheni, na kopi kwa wakubwa wake pamoja na sendika (chama cha wafanyakazi) kama anayo. Iseme mambo manne tu: kwamba tarehe fulani, mbele ya watu fulani, aliambiwa kwa mdomo asirudi, kwamba hajapewa karatasi yoyote, kwamba hukumu imekatiwa rufaa, na cheti cha rufaa kutoka kwa karani wa mahakama kimeambatanishwa, kwamba yuko tayari kazini kila siku na anaomba mshahara wake wa miezi 3, au kama kuna uamuzi wowote dhidi yake, apewe kopi. Apeleke mwenyewe na kopi ya pili, na kwenye kopi hiyo sekretari atie muhuri, tarehe na sahihi ya kupokea. Wakikataa kupokea, msigombane nao. Avoka atamtuma huissier wa mahakama aipeleke rasmi, na huyo akipeleka, imefika, wapende wasipende.

Barua hiyo inafanya kazi mbili. Inaonyesha hakuacha kazi. Na inawalazimisha ama wamrudishe, ama waandike. Watu wengi wanaogopa karatasi ya kufukuzwa. Mimi naogopa zaidi kutokuwa na karatasi, kwa kuwa uamuzi ulioandikwa unaweza kupigwa, na neno la mdomo linateleza kama kambale mkononi.

Na siku karatasi ikija kweli? Aandike juu yake, kwa mkono wake, siku aliyoipokea, kabla hata ya kumaliza kuisoma. Tangu siku hiyo ana miezi 3 ya kumwandikia mwenye kutoa uamuzi, akimwomba aufute au aubadilishe. Hilo linaitwa "réclamation préalable", na sheria ya tarehe 15 Oktoba 2016 juu ya mahakama za utawala haimruhusu mtu kufika mbele ya juji bila kupita hapo. Mwenye kuandikiwa naye ana miezi 3. Akinyamaza mpaka ikaisha, kunyamaza kwake ni kukataa. Hapo inafunguka tena miezi 3 ya kwenda mahakamani. Kama uamuzi umetiwa sahihi na waziri Kinshasa, kesi inakwenda Baraza la Leta, Conseil d'État. Kama ni wa mkubwa wa jimbo, inakuja hapa kwetu, kwenye mahakama ya rufaa, ambayo inashika kazi hiyo pale ambapo mahakama za utawala hazijafunguliwa. Kukiwa na haraka ya kweli, na watoto watano ni haraka ya kweli, avoka anaweza pia kuomba uamuzi usimamishwe wakati kesi inaendelea.

Hesabu hiyo ya miezi mitatu mitatu naibeba moyoni kwa sababu ya mzee mmoja aliyekuja kwangu nikiwa bado kijana katika kazi hii. Alikuwa amefukuzwa bila kuombwa maelezo hata mara moja. Dosie yake ilikuwa safi, ningeweza kuishinda nikiwa nimesinzia. Lakini alipokea arete mwezi wa kwanza, akanifikia mwezi wa saba. Katikati alikuwa akienda kwa heshima kila Jumatatu kwenye ofisi iliyomtoa, wakimwambia "mzee, vumilia, jambo lako tunalishughulikia". Hawakushughulikia lolote. Juji hakuifungua hata dosie yenyewe. Alitazama tarehe, akaifunga. Nilimsindikiza mzee yule mpaka Place de la Poste, na hatukusemezana njiani.

Kwa sababu hiyo pia nawaomba: atatokea mtu, huenda amekwisha kutokea, atakayesema ana ndugu Kinshasa anayeweza "kurudisha jina kwenye listi" kwa dola 300. Msimpe. Feza hiyo ni ya watu wa likelemba, na mtumishi aliye na kesi akikamatwa anatoa mlungula, atakuwa amejifungulia kesi ya pili mwenyewe, hii sasa ikiwa inagusa kazi ya Leta moja kwa moja.

Umeuliza aendelee kwenda au akae. Jumatatu aende. Avae vizuri, afike saa ile aliyozoea, atie sahihi kwenye listi. Wakimnyima listi, asipaze sauti. Aandike kwenye daftari saa aliyofika, nani aliyemzuia, na nani aliyeona, kisha akatoe barua kwa sekretari. Jumanne afanye vilevile. Wewe Mama, siku hiyo ya Jumatatu pita kwa karani wa mahakama uchukue cheti cha rufaa na kopi ya hukumu yenye muhuri, maana bila hivyo viwili avoka wenu atakuwa akizungumza kwa mikono mitupu.